Mwenye Farasi wa Siku Moja

Kwa msimu mmoja na nusu nililipwa kuwashawishi vijana wa Louisville wapende mbio za farasi, na katika muda huo wote sikukutana na kijana hata mmoja aliyemtazama farasi kwa zaidi ya muda wa kupiga picha. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nitamsimulia uzuri wa wanyama. Wanyama walikuwa wazuri, hilo silikatai. Waliowazunguka ndio walionichefua, na mimi nilikuwa mmoja wao, nimevaa fulana ya zambarau.

Uwanja wenyewe haukuwa ule maarufu ambao dunia nzima huutazama mara moja kwa mwaka. Wetu ulikuwa mdogo, nje ya mji, una majukwaa ya mbao yaliyopakwa rangi mpya upande unaoonekana kwenye picha tu. Wateja wake walikuwa wazee wenye kofia zilizofifia, waliokalia viti vilevile kila Jumamosi, wakichorachora karatasi za mbio kwa kalamu ya risasi na kukohoa. Wazee hao walikuwa wanakwisha, mmoja baada ya mwingine. Basi wenye uwanja wakakodi kampuni ndogo iwaletee damu changa, na kampuni hiyo ikaniajiri mimi kibarua pamoja na wenzangu watano.

Bosi wetu alikuwa na miaka ishirini na minane, masharubu yaliyopakwa nta yakapinda ncha, na viatu vya ngozi visivyojua soksi. Katika mkutano wa kwanza alitueleza kwamba kijana wa leo haji kutazama mbio. Anakuja ili aonekane amekuja. Alilisema hilo kwa furaha, kama mtu aliyegundua dawa. Akatuonyesha mipango yake. Kutakuwa na jukwaa la muziki, magari ya kuuza chakula, mashindano ya kofia, na farasi wa plastiki mwenye macho ya bluu ambaye watu watapanda mgongoni na kujipiga picha kwa vile vijiti vyao vya simu. Nilimuuliza kwa nini tuweke farasi wa plastiki mahali penye farasi mia moja wa nyama na damu. Akajibu kwamba wa kweli wananuka.

Kulikuwa pia na apu ya simu ya kubeti. Hiyo ndiyo niliyoidharau kuliko vyote. Ilikuuliza maswali matatu: unapenda rangi gani, unakunywa nini, na leo unajisikiaje. Ukishajibu inakuambia farasi wa kumwekea pesa. Wale wazee wa karatasi walikuwa wametumia miaka arobaini kujifunza nani anapenda tope, nani anachoka kwenye kona ya mwisho, nani baba yake alikuwa na mapafu. Kijana wa apu alibonyeza zambarau, bia, na mchangamfu, akageuka kuendelea na mazungumzo yake. Mbio zikianza walikuwa wamezipa mgongo. Zikiisha waliniuliza nani ameshinda, na nikiwatajia namba walitazama simu kujua kama namba hiyo inawahusu.

Nilipaswa kuwa mtu wa mwisho duniani kufanya kazi hiyo. Mimi ni binti wa watu wa ng'ombe. Kwetu ni milima ya juu ya Kivu Kusini, ingawa mimi nimekulia kambini na sikuwahi kuchunga hata ndama. Baba yangu alichunga mpaka vita vilipomwachia fimbo bila ng'ombe. Huko Louisville alikunja mashuka ya hospitali kwenye kiwanda cha kufulia mpaka magoti yakagoma, akabaki nyumbani kwangu, akivaa koti la suti asubuhi na kulivua usiku, hata kama haendi popote.

Tangu tulipofika Amerika mimi ndiye nilikuwa mdomo wa baba. Barua za ofisi, mwenye nyumba, daktari wa magoti, mtu wa umeme: kila kitu kilipita kwangu. Alisema neno lake, nikalipeleka, wakajibu, nikamletea. Hakuwahi kuuliza mara mbili wala kumwomba mtu mwingine ahakikishe. Kwa mzee ambaye nchi nzima imemzibia masikio, hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na mimi nilikishika mkononi bila kukifikiria.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule wa kwanza, bosi akataka sura mpya kwenye picha zake. Alikuwa amechoshwa na wanafunzi wa chuo waliokuwa wakilewa kabla ya mbio ya tatu. Akasikia kwamba nasali kwenye kanisa la Wakongo, akaniambia nilete vijana wetu, waje wamevaa mavazi yao, watapewa chakula bure. Akaongeza kwamba picha zikitoka vizuri anaweza kuniombea kazi ya kudumu, yenye bima ya afya. Neno bima lilinilevya kuliko bia zao zote.

Kanisani kamari ni dhambi, tena ya kutajwa kwa jina. Kwa hiyo niliwaambia wazee wa kanisa kwamba ni matembezi ya kwenda kuona wanyama. Wakakubali kwa sharti moja, kwamba mzee mmoja aandamane na mabinti. Nikamtaja baba, naye akakubali kwa sababu ya lile neno wanyama. Siku hiyo alivaa suti ya harusi na kofia, akashika fimbo, akaketi mbele kwenye basi dogo la kanisa kama anayekwenda kuhukumu kesi.

Tulipofika, vijana wetu hawakuchukua hata dakika kumi kufanana na wale wengine. Wakampanda farasi wa plastiki. Wakala, wakapiga picha walichokula. Baba hakuwatazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua ambapo farasi hutembezwa kabla ya mbio, akaegemea uzio, akaanza kuwasoma mmoja mmoja, kwato mpaka masikio. Nilimwona akitikisa kichwa, akiguna, akitabasamu. Miaka ilikuwa imepita tangu nimwone baba akiwa na kitu cha kufanya.

Bosi naye akamwona. Akamfuata mbio na mpiga picha wake, anarudia neno moja tu, halisi, halisi, halisi. Kampuni ilikuwa imebuni mchezo wa kumfanya mgeni mmoja awe mwenye farasi wa siku moja. Mgeni anachagua farasi mmoja, anashika kamba yake kwa dakika moja, anapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu na kofia, anapigwa picha. Halafu mwenye farasi wa kweli, ambaye yuko zake kwenye chumba chenye kiyoyozi, anaendelea kuwa mwenye farasi. Wamarekani waliocheza mchezo huo walisahau jina la farasi kabla hawajafika kwenye maegesho.

Bosi akamshika baba mkono, akamwingiza ndani ya ua, akawaonyesha farasi kwa mkono mpana, akaniambia nimuulize anampenda yupi awe wake kwa siku moja.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mwanaume akikuingiza katikati ya wanyama wake, mbele ya mashahidi, akakuuliza ni yupi umempenda, hakuulizi kwa kujifurahisha. Amekwisha kuamua kukupa mnyama. Ukionyesha kidole, akakupa kamba mkononi, na mkapeana mikono, mnyama ni wako, na wewe na yeye mmekuwa ndugu. Hakuna maneno ya kuongeza, wala hakuna karatasi inayoweza kulipunguza hilo. Watoto wenu watahudhuria misiba ya wao kwa wao. Baba yangu alikuwa amepewa ng'ombe mara mbili maishani, na siku zote mbili alizisimulia kama wengine wanavyosimulia kuzaliwa kwa watoto wao.

Nilimwona akivua kofia. Nikajua palepale anachokielewa. Nilimtafsiria sawasawa maneno ya bosi, hata lile la siku moja nililisema, lakini siku moja haikuwa na maana yoyote mbele ya tendo lile. Ningeweza kusema, baba, hawa ni watu wa mchezo, hawatoi kitu. Ilikuwa sentensi fupi. Mpiga picha alikuwa amekwisha kupiga goti, mwanga ulikuwa mzuri, na mimi nilikuwa nafikiria bima.

"Minamupenda ule jike wa rangi ya majivu," baba akasema, "mwenye doa nyeupe kwa pua."

Wakamletea. Akashika kamba. Akapiga makofi matatu ya polepole kama inavyotakiwa, akamsifu yule farasi kwa sifa za ng'ombe, akampa jina la ng'ombe ambalo sitaliandika hapa. Kisha akamshika bosi kwa mikono miwili.

"Mwambie Mungu amubariki. Mwambie nyumba yake na nyumba yangu, tangu leo, ni moja. Siku atakuwa na shida, anitume mutu. Nitakuya hata usiku."

Bosi akaniuliza mzee anasema nini.

"Amefurahi sana," nikasema.

Picha zilitoka vizuri. Waliichapa moja kubwa kuliko mlango, baba na farasi wake, na juu yake maneno ya kuwaalika vijana waje wahisi. Wahisi nini, hapakuandikwa.

Tangu siku hiyo kila nikitoka kazini baba alinisubiri sebuleni. Cheti alikuwa amekiweka ndani ya Biblia, kwenye Ayubu.

"Anakula muzuri?"

"Anakula muzuri, baba."

"Na banamukimbiza bado?"

"Mara mojamoja."

"Jike ya kuzala, banaikimbiza juu ya nini? Hawa batu hawana akili."

Hapo tulikubaliana. Hakuona ajabu kwamba farasi hakuletwa nyumbani, kwa sababu kwetu mtu anaweza kuacha ng'ombe wake kwa mchungaji mwingine miaka mingi. Kilichomsumbua ni kwamba hajamtembelea ndugu yake mpya. Nilimwambia baba kwamba bosi amesafiri. Kisha nikamwambia kwamba bosi anaumwa. Mara moja baba alinipa sukari kilo tano nimpelekee, nami nikaziacha kwenye kabati la kazini, wenzangu wakazitia kwenye kahawa.

Mwezi wa sita yule jike aliumia. Ilikuwa Jumamosi ya mashindano ya kofia, uwanja umejaa vijana kuliko siku zote, bosi amelewa sifa. Kwa jambo kama hilo tulikuwa na maelekezo yaliyoandikwa. Farasi akianguka, wahudumu wanainua pazia la kijani kumziba ili daktari amdunge sindano ya mwisho, mwenye muziki anapandisha sauti, na sisi wa fulana za zambarau tunawageuza vijana upande wa jukwaa kwa kuwarushia zawadi. Muziki ulipopanda nilijua. Niligeuka mara moja tu, nikaona rangi ya majivu ikijaribu kusimama kwa miguu mitatu kabla pazia halijafungwa. Nikachukua boksi la fulana, nikaanza kurusha. Walizigombania kwa vicheko. Msichana mmoja aliyekosa aliniomba nirushe tena, akaniita mpenzi. Nilirusha mpaka boksi likaisha, na nyuma yangu gari likaja likamchukua.

Jioni ile baba aliuliza kama anakula vizuri. Nikasema anakula vizuri.

Sijivunii hilo, wala sitalipamba. Nilijiambia namhurumia. Uongo. Nilikuwa naogopa kuanza kueleza mwanzo, kwa sababu mwanzo ndio uliokuwa mbaya.

Mwaka huo kaka yangu alikuwa Buffalo, akifanya kazi kwenye kiwanda cha vyakula, na alikuwa amempata mchumba Columbus. Kwa hiyo mwezi wa tisa tulikwenda Columbus kuposa. Tulilala kwa jamaa zetu kwenye fleti za Northland, tukanunua soda na maziwa dukani kwa Wasomali pale Morse Road, na kesho yake tukapelekwa Westerville, kwa baba mkubwa wa binti. Alikuwa msimamizi kwenye ghala, amenunua nyumba yenye karakana ya magari mawili, na alihakikisha tunaingia kupitia karakana. Wazee walikaa pande mbili za sebule kama inavyopasa. Mazungumzo ya ng'ombe yakaanza, ng'ombe ambao wote tunajua kwamba hapa Amerika ni maneno matupu, yanayogeuzwa dola kimyakimya jikoni.

Kabla ya safari baba alinituma kwa bosi kuomba ruhusa. Mnyama wa kupewa humtoi, wala mzao wake, bila kumjulisha aliyekupa. Nikakaa nje ya uwanja ndani ya gari dakika ishirini, nikarudi nikamwambia, amekubali.

Kwa hiyo pale Westerville baba alisimama.

"Sisi hatukukuya na maneno tu," akasema. "Niko na jike ya farasi kule Louisville. Nilimupewa na mukubwa wa kule. Mutoto wake wa kwanza tunamuleta huku."

Wazee wa pande zote mbili wakamgeukia. Hata watoto waliokuwa wakijibizana kwa Kiingereza jikoni wakaja kuchungulia mlangoni. Katika miaka yote ya posa za Amerika, hakuna aliyewahi kuahidi kitu chenye miguu. Nilimwona baba amekuwa mrefu. Kaka yangu akanitazama kwa furaha, nami nikainamisha uso, wakadhani ni adabu.

Baba mkubwa wa binti hakuwa mtu wa kupitwa.

"Bon," akasema. "Mzee, ng'ombe ya mudomo tunazizoea hapa Amerika. Farasi ya mudomo, hiyo hatuijue. Donc, tutakuya kumuona mama yake."

Ilikuwa haki yao. Upande wa binti huenda kuwaona ng'ombe. Wakapanga Jumamosi mbili mbele.

Nilikuwa na wiki mbili za kusema ukweli, na nilizitumia kumtafuta bosi. Nilimweleza nusu: kwamba wazee wa familia wanatoka Columbus kuja kumwona farasi wa kwenye picha. Aliruka kwa furaha. Wazee wenye suti na fimbo, kutoka jimbo lingine! Nilipomkumbusha kwamba yule jike alikufa, alifikiri kidogo, akasema tutawaonyesha mwingine wa kijivu, hawatajua.

Nilimcheka moyoni. Nilijua angalau kwamba baba atajua. Lakini nikajidanganya kwamba baba, mbele ya wakwe, atanyamaza kulinda uso wake, na siku itapita, na baadaye tutaona. Hivyo ndivyo nilivyompanga baba yangu: nilitegemea atatumia heshima yake kufunika uongo wangu.

Wakaja saba, magari mawili, zaidi ya saa tatu barabarani, suti zimekunjamana mgongoni. Baba akawapokea langoni kama mwenye boma. Akamkumbatia bosi, akamwita ndugu. Bosi akamkumbatia pia, akigeuza uso upande wa kamera. Kwenye ua kijana mmoja wa kampuni akaja anavuta farasi wa kijivu, amempamba utepe wa zambarau shingoni.

Wazee wakajipanga. Nilikuwa natazama uso wa baba, sikumtazama farasi. Kisha nikaona jambo ambalo nitalikumbuka mpaka kufa kwangu: wanaume wanane wa ng'ombe waliinamisha vichwa kwa pamoja, polepole, wakatazama tumboni mwa yule mnyama, wakainua vichwa kwa pamoja.

Alikuwa dume. Tena dume aliyehasiwa.

Bosi na msimu wake mzima wa kuuza farasi hakuwa amejua pa kutazama. Kijana wa kamba hakujua. Na mimi niliyewadharau wote kwa kutowatazama farasi, niliyesimama pale tangu asubuhi nikimfunga utepe yule mnyama kwa mikono yangu, sikutazama. Nilitazama kama utepe umenyooka.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Baba mkubwa wa binti akakohoa, akauliza kwa adabu kubwa sana:

"Mzee, ni huyu ndiye atatuzalia?"

Baba alinigeukia mimi.

"Muulize ndugu yangu, farasi yangu iko wapi."

Nikamgeukia bosi, nikafungua mdomo, na kwa Kiingereza nikamwambia mzee anashukuru, anasema farasi ni mzuri mno.

Bosi akatabasamu, akainua kidole gumba.

Baba alitazama kile kidole. Hajui Kiingereza, lakini mtu aliyeulizwa mnyama wa mwenzake yuko wapi hatabasamu. Na kabla sijapata la kuongeza, yule msimamizi wa ghala, ambaye Kiingereza chake ni cha kuwaamuru watu kila siku, akasema taratibu, bila hasira:

"Mutoto, haukumuuliza vile."

Hapo nikasema yote. Nilisema nikiwa nimesimama katikati yao, na bosi akiendelea kuuliza kuna nini, kuna nini, kama kuna mtu anahitaji maji. Nikasema kwamba hakupewa farasi, kwamba ulikuwa mchezo, kwamba jike alikufa.

"Alikufa lini?"

"Mwezi wa sita."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, baba. Nilikuwa nagawa fulana."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Akarudisha kofia kichwani.

Wale wazee walifanya kitu ambacho sikukitarajia, na ndicho kitu pekee cha heshima nilichowahi kukiona kwenye uwanja ule. Mmoja mmoja walimwendea baba, wakamshika mikono, wakamwambia maneno anayoambiwa mtu aliyefiwa na ng'ombe: Mungu akupe mwingine. Walimpa pole kwa farasi ambaye hakuwahi kuwa wake, ili asisimame pale akiwa mtu aliyechezewa, asimame akiwa mtu aliyefiwa. Yule wa Westerville akawa wa mwisho, akasema posa haikuwa juu ya farasi. Wote walipita mbele yangu, wakaenda kwenye magari.

Mpiga picha alikuwa amepiga yote. Mwezi uliofuata picha ile ikawa kwenye tovuti ya uwanja: wazee wa Kiafrika wakishikana mikono, nyuso nzito, farasi wa kijivu nyuma yao. Wakaandika juu yake kwamba hapa kila mtu ni familia. Nilipewa ile kazi ya kudumu. Niliichukua, na bima yake, nikafanya mpaka msimu uliofuata, kampuni ilipofukuzwa kwa sababu vijana waliacha kuja mara tu chakula cha bure kilipokwisha. Wazee wa karatasi walibaki kwenye viti vyao, wachache zaidi. Bosi alipata kazi mahali wanapotangaza maji ya chupa, na sina shaka anayauza vizuri.

Harusi ilifanyika. Baba hakunigombeza hata siku moja. Baada ya harusi alisema atakaa na kaka yangu Buffalo, akahama na sanduku lile alilotoka nalo kambini.

Nilikwenda kumwona majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Walikuwa wamepanga nyumba North Buffalo, ghorofa ya juu, theluji imefunika ngazi za nje. Alinipokea vizuri, akauliza habari za safari, akaniambia nile. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua na alikuwa na miadi ya daktari siku iliyofuata. Kaka yangu alikuwa zamu, mkewe alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka. Nilifurahi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya macho kichwani, mtoto wa jicho, presha ya jicho, nisije nikakosea.

Muuguzi alituingiza chumbani, akanitazama mimi, akamwambia baba, vizuri, una binti yako wa kukutafsiria. Nikasogeza kiti. Baba akainua mkono, akaonyesha simu iliyokuwa ukutani.

"Telefoni," akasema.

Muuguzi hakuelewa. Akaniuliza mimi. Nikamwambia hakuna shida, mimi nitatafsiri. Baba akasema tena, kwa sauti ileile, telefoni. Muuguzi akaeleza kwamba mkalimani wa simu anaweza kuchelewa, kwamba daktari ana watu wengi, kwamba binti yupo hapa hapa. Nikamtafsiria baba maneno hayo, yote, hata la mwisho. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ametazama ukuta.

Tulisubiri dakika arobaini, magoti yetu yakikaribiana, kumpata mtu wa Kiswahili chetu. Hatimaye sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kile chombo, kutoka jimbo gani sijui, na kelele za mtoto nyuma yake. Akaanza kama wanavyotakiwa kuanza wote: kwamba atasema kila kitakachosemwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Aksanti, mutoto wangu," baba akamwambia.